Nimerudi misheni Malawi na ahadi siiwezi, na Jumapili natakiwa nitoe ushuhuda. Naomba ushauri

FundiCherehani_Bagamoyo

Bwana Yesu asifiwe wapendwa, na wengine wote habari za saa hizi. Niko Bagamoyo, nashona nguo hapa Magomeni, nina miaka 27. Mwezi uliopita nilienda misheni ya siku 12 Malawi, upande wa Karonga, tulikuwa watu tisa. Kanisa lilichanga karibu mwaka mzima, kuna mama mjane pale kwetu anauza vitumbua na yeye alitoa elfu kumi, nikimkumbuka huyo usingizi unakata.

Safari ndefu, Dar mpaka Mbeya, Mbeya mpaka Kasumulu, tukabadili hela kuwa kwacha tukavuka mto Songwe. Nilijua nimejiandaa, nilifunga, niliomba, kumbe lugha sikuiwaza kabisa. Mhubiri wetu anasema Kiswahili, mwenzetu anageuza Kiingereza, mwenyeji anageuza Kitumbuka, mpaka ifike kwa bibi aliyekaa kwenye mkeka sijui imebaki nini. Siku ya nne malaria ikanilaza, siku tatu niko kitandani kwa mama aliyenipokea, akanipikia uji, akanifulia mpaka nguo za ndani.

Sasa shida yangu. Yule mama ana binti wa miaka 15 amefaulu kwenda sekondari na ada hana. Siku ya kuondoka analia na mimi nalia, nikajikuta nasema mama usiwaze, ada ya mtoto ni juu yangu. Wapendwa sikuwa nadanganya, wakati natamka nilimaanisha kabisa. Nimefika nyumbani nikapiga hesabu, kodi ya chumba, kodi ya fremu, bibi yangu yuko Msata namtumia kila mwezi, haitoki. Yule mama anafanyaga biashara mpakani kwa hiyo Kiswahili anakijua kiasi, kila asubuhi ananitumia voisi ananisalimia na kunibariki, hela hajauliza hata mara moja, na hiyo ndo inaniumiza zaidi. Wiki hii nimeanza kutozifungua.

La pili ni ushuhuda. Ripoti iliyosomwa kanisani inasema waliookoka ni zaidi ya 200. Mimi ndo nilikuwa nahesabu mikono. Watoto walewale walinyoosha jioni ya kwanza, ya pili na ya tatu. Nikisema hivyo nawavunja moyo waliochanga, nisiposema namdanganya mama wa vitumbua. Nifanyeje?

MwanaKyela_Tanga

Pole sana dada. Mi kwetu Kyela ila kazi iko huku Tanga. Karonga wenyeji wengi ni Wangonde, na Kingonde na Kinyakyusa ni ndugu kabisa, bibi yangu alikuwa anavuka Songwe kwenda msibani anaongea nao siku nzima bila mkalimani. Mngepita Kyela mkaomba wazee wawili wa kanisa wawasindikize, hayo matafsiri yote yasingekuwepo, na nyie mkishaondoka wale wapo jirani wanaendelea kuwatembelea watu. Viongozi wako waambie safari nyingine ianzie hapo.

MamaTabitha_Chumbageni

Mwanangu, la mikono usilipeleke madhabahuni. Nenda kwa mchungaji kabla ya Jumapili, ukae naye, umweleze kwa heshima kwamba uliyehesabu ni wewe na ulihesabu mikono, hukuhesabu watu. Usimshtukize mbele ya waumini. Akishasikia, siku yenyewe elezea ulichokiona, huyo mama aliyekufulia ukiwa hujiwezi ni ushuhuda tosha na hata muuza vitumbua ataelewa hela yake ilifika kwa nani.

Na hela usije ukatuma kimyakimya. Sisi akina mama tulienda Msumbiji na marobota mawili ya nguo, tukagawa wenyewe kwa mikono yetu tukiona tunafanya vizuri, tuliyempa gauni na aliyekosa wakaacha kusalimiana, mchungaji wao kakaa miezi anasuluhisha na sisi tuko Tanga tunaonyeshana picha. Inaniuma mpaka leo. Chochote utakachotoa, kanisa la kule lijue. Ila mwanangu wewe si una cherehani?

MwalimuKaole

Ukipata nafasi nenda pale misheni ya zamani, tembea makaburini. Mapadre wa Roho Mtakatifu walifika Bagamoyo 1868, na homa ziliwaondoa wengi wangali vijana. Hao walikuja kukaa. Na mwili wa Livingstone, yule mmisionari na mvumbuzi wa Uskoti, ulipoletwa hapa Februari 1874, waliotembea nao miezi karibu tisa ni watumishi wake Waafrika, kina Susi na Chuma, na Chuma ni Myao, kwao ni hukohuko upande wa Ziwa Nyasa. Kazi waliyoifanya wenyeji huwa tunaitaja kidogo mno, hata kwenye ripoti zetu za siku hizi.

Sudi_wa_Dunda

Mimi ni Muislamu ila hili limenigusa, acha niseme kama mtu niliyewahi kuahidiwa. Niko darasa la sita, kundi la kanisa kutoka Ulaya lilikuja shuleni kwetu wiki mbili wakapaka rangi madarasa, mgeni mmoja akaniambia atanisomesha, akaandika jina langu kwenye daftari lake. Nyumba nzima ikajua. Mzee wangu alikuwa na mbuzi amewatenga kwa ajili ya shule yangu, akawauza akaezeka nyumba, maana mimi nimeshapata mfadhili. Barua haikuja. Kukosa hela sikumlaumu, hela hukosekana. Kilichotuumiza ni kwamba tulikuwa na njia yetu tukaiacha tukawa tunamngojea yeye. Huyo mama huenda ana kaka, ana kikundi cha kukopeshana, ana kuku, na hajamgusa mtu kwa sababu anajua upo. Mpigie leo dada, usisubiri upate nusu ndo umwambie.

FundiCherehani_Bagamoyo

Kaka Sudi nimekusoma nikalia, nikampigia jioni ileile. Nikamwambia mama nilisema neno kubwa kuliko uwezo wangu, nisamehe, ada sitaiweza. Alinyamaza nikadhani mtandao umekata. Kisha akasema kaka yake yuko Mzuzu alitaka kutoa nusu, akamwambia asihangaike kwa kuwa binti wa Tanzania ameshabeba. Anamrudia leo hii. Hakunigombeza, ila sauti ilikuwa ya mtu aliyechoka na siwezi kusema imeisha vizuri.

Mama Tabitha, la cherehani nimekuelewa, yule mama nimemuuliza kuhusu sare ya shule, akasema ndiyo hata hiyo hawana. Nitashona sketi mbili na mashati mawili, nitayapakia kwenye basi mpaka Kyela, mchungaji wao atayafuata na atayakabidhi yeye. Mchungaji wangu ananipokea Alhamisi saa kumi, nina hofu, mniombee. Vipimo vimeingia usiku, kiuno inchi 26, urefu kasema niache pindo kubwa maana mtoto anakua.