Kusomesha watoto nyumbani hapa Dar: kifurushi cha nje, vitabu vya TET au Montessori ya kujitengenezea?

Mama Pacha wa Goba

Wakuu, habari za jioni. Nina mapacha wa miaka mitano na nusu. Mimi na baba yao tumekubaliana mwakani wasipelekwe shule kwanza. Sababu mnazijua: gari la shule linapiga honi getini kukiwa bado giza, mtoto anarudishwa jioni kalala kwenye kiti, na akiamka kuna kurasa mbili za kunakili zinamsubiri. Mimi kazi zangu nafanyia nyumbani, na dada anayenisaidia amemaliza kidato cha nne, watoto wamemzoea. Ni watundu wa kufungua vitu na kuuliza, kwa hiyo nataka sayansi ya kushika kwa mikono iwe ndiyo nguzo. Hii ya kukariri sehemu za ua sitaki.

Nimeangalia njia tatu.

Ya kwanza ni kifurushi cha kuagiza Marekani. Kinakuja kamili, mwongozo wa mzazi umeandikwa siku kwa siku, vitabu vya picha, na boksi la vifaa vya sayansi. Kinavutia kweli. Ila ukijumlisha usafiri na ushuru, unakaribia ada ya shule ninayoikimbia.

Ya pili ni vitabu vya Taasisi ya Elimu (TET), ule mtaala mpya ulioanza Januari 2024. Kwenye maktaba mtandao yao vinasomwa bure, gharama ni bando na kuchapa. Wasiwasi wangu vimeandikwa kwa mwalimu mwenye darasa zima.

Ya tatu ni Montessori, ile ya mtoto kujifunza kwa kushika vifaa mwenyewe, ila vifaa tujitengenezee. Sijui nianzie wapi.

Mliopita huku nisaidieni. Na nyie wa "peleka watoto shule wakacheze na wenzao" nawaona mnakuja, karibuni pia.

Kisiki cha Mbezi

Nimefika. Peleka watoto shule wakacheze na wenzao.

Baba Nuru

Dada, kifurushi nimekitumia kwa binti yangu, nikupe picha halisi. Hesabu na kusoma kwa Kiingereza vimepangwa vizuri sana, hapo sina neno. Hata mzazi ambaye hajawahi kushika chaki anaweza kufuata.

Sayansi ndiyo inakwama. Fika Oktoba, mwongozo unakuambia mtoke nje mkaokote majani yaliyogeuka mekundu kwa sababu baridi inaingia na mchana unafupika. Tulitoka. Chini ya mkungu wa jirani tukakuta majani mekundu kweli, tena mengi! Sasa mweleze mtoto wa Tabata kwamba mchana umefupika, wakati hapa tofauti ya siku ndefu na siku fupi kwa mwaka mzima haifiki hata saa moja. Mkungu unadondosha majani kwa ukavu. Mtoto kaona jambo la kweli, kitabu kikampa sababu ya nchi nyingine. Baadaye ikaja sura ya kupima theluji, tukairuka.

Na lile boksi? Sumaku, lenzi, puto, bomba la kunyonyea dawa, rangi za chakula. Kariakoo unavipata vyote kwa mzunguko mmoja wa asubuhi. Kama umekipenda sana, nunua hesabu na kusoma peke yake kwa nakala ya kupakua. Boksi achana nalo.

Mwl. Kimara Mwisho

Nimefundisha darasa la kwanza na la pili mpaka nikastaafu, basi nisemee vitabu vya TET.

Mwanangu, usivifungue ukurasa wa kwanza na kwenda navyo mpaka wa mwisho. Chukua muhtasari, ndio unaosema mtoto wa umri gani awe anaweza nini. Kitabu ni cha kumpa zoezi baada ya jambo lenyewe kufanyika. Darasani nilikuwa na watoto ambao sikuweza kuwafikia wote kwa kipindi kimoja, ndiyo maana kuna kunakili kwingi, ili wengine watulie wakati unamsikiliza mmoja. Wewe una wawili. Huhitaji kuwatuliza, unahitaji kuwasikiliza.

Kusoma anza na Kiswahili, hata kama baadaye unawataka Kiingereza. Herufi zetu zinasomeka zilivyo. Mtoto akishashika silabi, ba be bi bo bu, ghafla anasoma mabango ya daladala yote, na hapo ameonja kwamba anaweza. Kiingereza kitamkuta ana ujasiri.

Jambo moja usilichezee: shule utakayowapeleka baadaye itawafanyia usaili. Ijue mapema ni ya lugha gani.

Mchambuzi_77

Na mtaala wa Cambridge wa Uingereza je? Mbona hujaitaja?

Baba Nuru

@Mchambuzi_77 ni nzuri kwa anayejua mtoto wake ataishia IGCSE, ule mtihani wao wa sekondari. Lakini ile mitihani yao ya ngazi za chini, Checkpoint, inafanyikia kwenye shule zilizosajiliwa, kwa hiyo bado utarudi kwenye mlango wa shule. Kwa mtoto wa miaka mitano haraka ya nini.

Wakili wa Mtaani

Nipite na upande wa sheria maana naona hakuna aliyegusa.

Sheria ya Elimu ya mwaka 1978, Sura ya 353, inamtaka mtoto aliyetimiza miaka saba aandikishwe elimu ya msingi na ahudhurie. Haina kifungu kinachompa mzazi njia ya kusomesha nyumbani badala ya shule. Mapacha wa miaka mitano na nusu hawajafika huko, una nafasi ya kupumua. Wakigusa saba, liweke mezani wewe na mumeo, na afisa elimu kata mumwone kabla hajawatafuta yeye.

La pili, mtihani. Upimaji wa darasa la nne na mtihani wa kumaliza elimu ya msingi wa NECTA, wanafunzi wanasajiliwa kupitia shule. Mtahiniwa wa kujitegemea ni habari ya sekondari. Wengi wanaosema "nitamsomesha nyumbani mpaka chuo" hili hawajalipigia hesabu.

Mama Pacha wa Goba

Asante sana wakili. Basi tuseme ni mpaka saba, tukiongeza tutaongeza kwa utaratibu. Mwalimu, shikamoo, ushauri wa silabi nimeuchukua. Sasa wenye sayansi mko wapi?

Bibi wa Kunduchi

Tuko huku pwani tunakusubiri, mwanangu.

Wajukuu wangu wanasomea kwangu asubuhi, na kitabu chao kikubwa ni bahari. Kalenda ukutani, tunachora mwezi kila jioni. Mwezi mpevu na mwezi mwandamo ndipo bamvua, maji yanajaa sana na kupwa sana, tofauti inapita mita tatu. Katikati yake ni maji mafu. Watoto wanaandika saa ya maji kupwa leo, kesho wanakisia. Yanachelewa karibu dakika hamsini kila siku, na hiyo hesabu wameigundua wenyewe kwenye daftari. Sikuwaambia. Mdogo alikuja mbio, "Bibi, bahari inachelewa kama fundi cherehani." Hapo kuna kusoma saa, kujumlisha, na sababu ya mwezi kuvuta maji, vyote kwenye ukurasa mmoja.

Siku ya bamvua tunashuka kwenye mwamba maji yakiwa yamekimbia. Vaa yeboyebo, miiba ipo. Utakuta viti vya pweza, majongoo ya bahari, na wale kaa wanaoishi kwenye magamba ya konokono. Sharti ni moja: tunatazama, tunachora, tunamrudisha alipokuwa. Makombe mazuri yenye umbo la koni hawashiki kabisa, mwenyewe akiwa hai ndani ana sumu.

Ukiwa Goba mbali na bahari, tumia jua. Dar tuko karibu nyuzi saba kusini mwa Ikweta, hivyo jua linapita juu ya utosi mara mbili kwa mwaka: siku za mwanzo wa Machi, na tena karibu tarehe 10 Oktoba. Simamisha chupa uani. Machi ikifika kama saa 6:35 mchana, na Oktoba kama saa 6:10, kivuli chote kinaingia chini ya chupa. Watoto wanapiga kelele utadhani umefanya mazingaombwe. Watakuuliza mbona si saa sita kamili. Waambie saa zetu zimepangwa kwa mstari wa nyuzi 45 mashariki, na sisi tuko 39, jua linatufikia likiwa limechelewa kidogo. Juni pima tena, kivuli kitalala kusini. Desemba kitalala kaskazini. Kifurushi gani cha Marekani kina hilo?

Baba Nuru

Bibi umemaliza. Boksi langu naliuza, PM ziko wazi.

Shanga na Mbao

Kwenye Montessori mama pacha anaogopa bure. Maria Montessori alianza Roma mwaka 1907 na watoto wa mtaa wa watu wa kipato cha chini, haikuwa elimu ya kitajiri hata kidogo. Utajiri umekuja kwenye bei za vifaa.

Mfano ule mnara wa pinki unaouzwa ghali. Ni michemraba kumi ya mbao, mdogo una sentimita 1 kila upande, mkubwa sentimita 10. Nilimpelekea fundi wa Keko mchoro, akatumia mabaki ya mbao za vitanda. Msisitizie vipimo tu, maana uzuri wake uko hapo: mtoto akikosea mpangilio mnara wenyewe unamwonyesha, huna haja ya kumsahihisha. Na asugue kwa msasa mpaka kona zisichome.

Shanga za Kariakoo tungia kwenye waya kumi kumi, hizo ndizo makumi yako. Kumimina maji kutoka jagi kwenda kikombe, kutenga choroko na kunde, kukunja kanga. Dada wa kazi atayaweza yote, tena pengine kukushinda wewe, maana ana subira. Ila mwelekeze asimmalizie mtoto kazi. Kazi hiyo ni ngumu kwa mtu mzima yeyote.

Udhaifu wake: sayansi haiji yenyewe kwa sababu una mnara na shanga. Hapo mfuate Bibi.

Jikoni Lab

Naongeza ya jikoni, mimi ni mfamasia na watoto wangu ndio wateja wa majaribio.

Rozela. Chemsha maua makavu, acha ipoe, gawa vikombe vitatu. Kimoja kamulia ndimu, kitazidi wekundu. Kingine tia magadi kidogo, kitageuka kuelekea buluu na kijani. Cha tatu usikiguse, ni cha kulinganishia, na hicho ndicho wazazi wengi wanakisahau. Baadaye waache wajaribu ukwaju, sabuni ya unga, maji ya majivu. Waandike wanachodhani KABLA ya kumimina. Cha magadi na cha sabuni hakinywewi, simamia.

Viluwiluwi vya mbu navyo: chota maji kwenye kopo la uani, weka kwenye chupa ya kioo, funika kwa kipande cha chandarua na ufunge kwa mpira. Kwa joto letu, yai mpaka mbu ni kama wiki hadi siku kumi. Wakianza kuwa pupa wenye mkunjo kama alama ya koma, siku zimebaki chache, mwaga maji juani. Baada ya hapo watoto wenyewe ndio watakuwa wakaguzi wa makopo mtaani, mnajua dengue ilivyotusumbua Dar.

Kwa wakubwa kidogo kuna hadithi ya Erasto Mpemba. Mwaka 1963, mwanafunzi wa sekondari ya Magamba kule Lushoto, aliweka maziwa ya moto kwenye friza kutengeneza aiskrimu na yakaganda kabla ya yaliyopoa. Alichekwa. Akaendelea kuuliza mpaka akamuuliza Denis Osborne, mwanafizikia wa chuo kikuu hapa Dar, na mwaka 1969 wakachapisha pamoja. Wanasayansi bado wanabishana kama jambo hilo linatokea kweli kila mara. Weka vikombe viwili vya maziwa kwenye friza, cha moto na cha baridi, ujazo sawa, umeme ukiruhusu. Jibu lako linaweza kutofautiana na la jirani. Waache wabishane.

Kisiki cha Mbezi

Haya, Bibi na mfamasia mmenipunguza makali. Lakini swali langu halijajibiwa. Wapo wawili, watacheza wao kwa wao mpaka lini? Nani atawanyang'anya mpira?

Mwl. Kimara Mwisho

Swali la Kisiki ni la haki, msimcheke. Mtoto anajifunza kungoja zamu kwa watoto wasio ndugu zake. Madrasa, shule ya Jumapili, timu ya mtaani jioni, popote, lakini iwe kila wiki na watoto wale wale. Kukutana na wageni mara moja moja kwenye bethdei hakutoshi.

Mama Pacha wa Goba

Nimeelewa. Nimekaa na baba yao tumepanga hivi: asubuhi muda wa saa moja na nusu wa kusoma na hesabu, muhtasari wa TET ndio mwongozo, shanga na michemraba ndio vifaa. Kiingereza ni hadithi za jioni na baba. Kifurushi hatuagizi. Sayansi haina ratiba ya saa, ina jambo moja kwa wiki, tukilimaliza siku mbili sawa, likichukua mwezi sawa. Jioni wanaenda mpira uwanja wa hapa jirani, Kisiki ufurahi.

Bibi, tunaomba Jumamosi ya bamvua lijalo tuje Kunduchi. @Shanga na Mbao, fundi alichukua muda gani?

Shanga na Mbao

Aliahidi Ijumaa. Hakusema Ijumaa ipi. Lipa nusu tu kwanza.

Bibi wa Kunduchi

Karibuni. Angalia jedwali la maji usiku wa kuamkia, mfike saa moja na nusu kabla ya kupwa kabisa ili tushuke tukifuata maji. Kofia, maji ya kunywa, penseli. Simu acheni kwenye gari.

Kisiki cha Mbezi

Na wa kwangu naweza kuwaleta?