Champ ya 1946, Ercoupe au Cessna 140: ipi inaruhusiwa kwa leseni ya rubani wa spoti Marekani?

Mwewe_Kaskazini
Habari wakuu. Namalizia leseni ya rubani wa spoti huku Marekani. Sina cheti cha daktari, nategemea leseni ya gari. Kuna ndege tatu za zamani zinauzwa: Aeronca 7AC Champ ya 1946, Ercoupe 415 (tangazo halitaji herufi ya mwisho) na Cessna 140. Muuzaji wa Cessna anasema siku hizi zote ruksa. Kitabu changu kinasema mwisho ratili 1,320. Nani yuko sahihi? Na ukaguzi wa kila mwaka naweza kuufanya mwenyewe nikisoma ile kozi ya saa 16?

Kipanga
Muuzaji yuko sahihi, kitabu chako kimepitwa. Kanuni za 2004 zilitaka ndege ya nchi kavu isizidi ratili 1,320 (kilo 600), viti viwili, mwendo wa juu noti 120 (maili za baharini kwa saa), na istoli, yaani bawa liache kuibeba, bila flapu (vibawa vya kushushwa nyuma ya bawa) kwa noti 45 au chini. Champ ina 1,220, ilipita. Piper J-3 vilevile. Cessna 140 ina 1,450, ikabaki nje miaka yote hiyo.

Tangu 22 Oktoba 2025 sehemu ya MOSAIC (kanuni mpya za ndege za spoti za FAA, mamlaka ya anga ya Marekani) inayomhusu rubani inafanya kazi. Kikomo cha uzito kimefutwa. Viti hadi vinne, ila abiria bado mmoja tu. Kinachopimwa sasa ni mwendo wa kustoli bila flapu: usizidi noti 59 ndege ikiwa na uzito wake wa juu. Cessna 140 inapita bila jasho.

Fundi_Bawa
Naongezea hapo kwenye noti 59, maana watu wanakosea kuisoma. Saa za mwendo (vipima mwendo) za ndege hizi nyingi husoma maili kwa saa, na noti 59 ni kama maili 68. Pili, ukiangalia saa, chukua mwanzo wa utepe wa kijani. Utepe mweupe unaanzia kwenye kustoli flapu zikiwa chini, na namba hiyo siyo inayotakiwa. Tatu, sheria inataka mwendo uliosahihishwa (CAS), si ule unaousoma kwenye saa. Karibu na kustoli pua imeinuka, hewa inaingia kwenye mrija wa kupimia mwendo kwa mshazari, na saa inaweza kudanganya kwa noti kadhaa. Kwa hizi tatu haisumbui, ziko chini sana. Ukija kutamani ndege nzito zaidi, hapo ndipo utahitaji jedwali la masahihisho la kitabu cha ndege.

Bati_na_Rivet
Ercoupe: herufi ndiyo bei. 415-C ina ratili 1,260, 415-D ina 1,400. Chini ya sheria ya zamani C iliyowahi kubadilishwa kuwa D ilikuwa imepotea moja kwa moja, hata makaratasi yakirudishwa, ndiyo maana C safi ziliuzwa ghali. Sasa uzito haukuzuii, kwa hiyo usikubali kulipia ziada kwa sababu ya neno "inafaa kwa spoti". Agiza rekodi za ndege kutoka masjala ya FAA, Oklahoma City, pitia kila Fomu 337 (rekodi ya matengenezo makubwa na mabadiliko), kisha linganisha na karatasi ya data ya cheti cha aina (hati ya FAA ya vipimo vya modeli hiyo). Fungua pia vifuniko vya ukaguzi shinani mwa bawa. Kutu huanzia kwenye mhimili wa katikati.

Ukaguzi wa mwaka: hapana. Kozi ya saa 16 ni ya mwenye ndege ya spoti ya majaribio. Zote tatu zina cheti cha kawaida cha kuruka, si cha majaribio, na kufaa kwa rubani wa spoti hakubadilishi cheti cha ndege. Utahitaji fundi wa A&P (mwenye leseni ya fremu na injini) mwenye idhini ya IA (ya kukagua).

Mwewe_Kaskazini
Shukrani. Naelekea kwenye Champ. Kuna mtego gani?

Fundi_Bawa
Mihimili ya mabawa ni ya mbao. Taa na kioo viingie ndani vitafute nyufa za kubanwa, hasa pale vibao vya kuimarisha vinapoishia. Ndege iliyowahi kugusa ardhi kwa ncha ya bawa, iogope.

Kisha piga hesabu. Ikiwa tupu ina ratili 790, zinabaki 430. Galoni 13 za mafuta ni 78. Watu wawili mnagawana 352, yaani kilo 160 na nguo zenu. Mkiwa wanene wote wawili, basi.

Kipanga
Gurudumu la nyuma liko mkiani, kwa hiyo mwalimu lazima akusainie kwenye daftari kabla hujairusha peke yako. Nyingi hazina umeme, propela inazungushwa kwa mkono: funga mkia kwa kamba, zuia magurudumu, na aliyekaa ndani awe anajua breki. Usiku sahau mpaka uwe na mafunzo, saini ya mwalimu, na cheti cha daktari au BasicMed (njia mbadala ya FAA ya cheti hicho).

Leseni ya gari inatosha mradi ombi lako la mwisho la cheti cha daktari halikukataliwa. Kama hujawahi kuomba na una shaka na afya yako, zungumza na daktari wa anga kabla ya kujaza fomu yoyote. Na ukija likizo Nairobi au Dar, leseni hii haikurushi huku bila idhini ya awali ya nchi husika.