Naomba ushauri: Mwenzetu anauza kamusi ya Kijapani tuliyoitengeneza kwa kujitolea

FundiNyaya
Wakuu, habari za jioni. Mimi ni fundi umeme wa magari hapa Mtwara. Wengi wenye gari lililotoka Japani mnaijua ile sauti ya dada ukiwasha swichi: "ETC kaado ga soonyuu sarete imasen." Miaka yote wateja wakiniuliza anasema nini, nawajibu anakusalimia. Siku nilipotafuta, kumbe analalamika kadi ya kulipia barabara za kwao haijachomekwa! Hapo ndipo lugha ilinishika.

Sasa tuko watano, hatujawahi kukaa meza moja: mimi, mwalimu wa Nachingwea, dada mmoja wa Lindi mjini na jamaa wawili wa Dar. Tunajaza jedwali moja mtandaoni: neno, linavyosomwa, maana kwa Kiswahili, sentensi ya mfano. Tumefika maneno 1,100 hivi, pamoja na sura ya msafiri. Msingi tumeutoa JMdict, mradi wa kamusi alioanzisha Jim Breen wa Australia mwaka 1991, na sentensi nyingi ni za Tatoeba, hazina ya wazi ya sentensi za mfano mtandaoni.

Shida: jamaa mmoja wa Dar kalipakua lote, kalifanya pdf, anauza sh. 5,000, jina juu ni lake peke yake. Tukimuuliza anasema leseni inaruhusu kuuza. Mwalimu kanuna, wiki ya tatu hii hajagusa jedwali. Nimtoe huyu jamaa? Na kweli leseni inaruhusu?

KalamuKavu
Mkuu, kwenye kuuza hajakosea. JMdict iko chini ya CC BY-SA, moja ya leseni huria za Creative Commons, biashara inaruhusiwa. Kosa lake ni kuficha vyanzo, na kazi iliyojengwa juu ya JMdict lazima itoke kwa leseni hiyohiyo. Yaani anayenunua nakala moja ana haki ya kuigawa bure Lindi nzima, na muuzaji hana la kusema. Tatoeba nako sentensi nyingi ni CC BY, sharti ni kutaja zilikotoka.

Nyie wenyewe mliandika leseni juu ya jedwali lenu? Naona kama hamkuandika. Andikeni leo, mstari wa kwanza kabisa, na majina ya wote watano. Kumtoa mtu si haraka.

Kasa_wa_Msimbati
Nimekuja kucheka tu. Kwa Kijapani "mimi" ni sikio, "nani" ni nini, "kuni" ni nchi, na jina langu ni mwavuli 😂 Neno la dubu sitaliandika hapa, mkwe wangu yumo humu.

Ila mkae makini na urefu wa irabu. Sisi a-e-i-o-u haitusumbui, tunajiona tumemaliza. Obasan ni shangazi, obaasan ni bibi. Mvutie shangazi wa watu hiyo "a" uone atakavyokutazama.

BintiNdanda
Niko Japani mwaka wa tatu, nilipitia sura yenu ya msafiri. Pasi ya treni ya siku 7 mmeandika yen 29,650. Hiyo ilikufa Oktoba 2023, ikapanda hadi 50,000! Mtu atakopa nauli kwa kuwaamini nyie. Kila bei iwekeeni tarehe iliyohakikiwa. Ongezeni 110 polisi na 119 zimamoto na gari la wagonjwa. Umeme wa huku ni volti 100, plagi bapa za miguu miwili.

Halafu mmeweka "kituo kiko wapi" mara tatu, lakini hakuna "Butaniku wa haitte imasu ka?", kuuliza kama chakula kina nguruwe. Mnawaandikia watu wa wapi? Na mkoa wa Mie palifunguliwa makumbusho ya vinyago vya Kimakonde. Watu wa Mtwara mmeiachaje hiyo?

MzeeWaMikindani
Kijana, mwalimu hajanunia 5,000. Kanunia jina. Mpigie simu, usimwandikie.

FundiNyaya
Shikamoo mzee. Nimempigia, tumeongea mpaka salio likakata. Kweli, ni jina. Anasema sentensi alizozitunga mwenyewe usiku, umeme umekatika, anaandika kwa tochi ya simu, leo zinasomeka ni za mtu mwingine.

Jamaa wa Dar kakubali kuweka majina yote na vyanzo, bei kagoma kushusha. Sawa, auze. Leseni tumeandika mstari wa kwanza kama alivyosema KalamuKavu, na pdf yetu ya bure tunaiweka wazi wiki hii. Dada BintiNdanda, pasi nimeirekebisha na swali la nguruwe limekuwa la kwanza kwenye sura ya chakula. Makumbusho naomba utuandikie wewe, nimekufungulia jedwali.

Mwalimu karudi jana usiku, na ugomvi mpya: "itadakimasu", lile neno la kabla ya kula. Yeye kaandika "bismillahi", dada wa Lindi kafuta kaweka "nashukuru kwa chakula hiki", yeye karudisha. Nyie mnasemaje?

Kasa_wa_Msimbati
Andikeni "karibuni tule", muone nani atabaki na sahani.