Treni ya kulala ya kifahari, SGR au reli ya zamani: wazee niwapandishe ipi?

Mwana wa Chang'ombe, Dodoma
Mbukwenyi wakuu. Wazazi wangu wanatimiza miaka 40 ya ndoa mwaka huu. Walipooana walipanda treni hapa Dodoma hadi Kigoma kwa shangazi, na mama hachoki kusimulia usiku ule, kitanda cha juu, dirisha wazi, harufu ya mvua porini. Natamani kuwarudishia usiku huo, safari hii kwa starehe. Nina njia tatu kichwani: SGR, yaani reli mpya ya umeme, daraja la kwanza la kulala kwenye reli ya kati, hii ya zamani, au nijinyime niwapeleke Rovos Rail, ile ya kifahari kutoka Afrika Kusini. Nipeni mawazo.

Kitanda Namba Saba
SGR itoe. Naipanda mara kwa mara na naipenda, ila tangu ifike Dodoma Julai 2024, Dar imekuwa mwendo wa kama saa nne. Usingizi haujakolea, watu wanashusha mabegi. Kulala kunataka umbali. Kigoma ni karibu kilomita 800 kutoka hapo ulipo, lazima usiku ukukute njiani.

Dada wa Safari
Rovos nawauzia wageni, kwa hiyo naijua. Cape Town hadi Dar ni kama siku 15, abiria hawazidi 72, kila chumba na bafu lake, jioni watu wanakula wamevaa suti. Ni nzuri kweli. Bei sasa: maelfu ya dola kwa kila kichwa. Na zaidi ya bei, mdogo wangu, haipiti kwenu. Inaingia nchini kwa TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, ambayo upana wake ni milimita 1,067. Reli ya kati ni 1,000, SGR ni 1,435. Behewa la huku haliingii kule. Wazee wataiona Mlimba ya njia ya TAZARA, Saranda ya njia yenu ya Kigoma hawataiona.

Hesabu Kwanza
Hapo ndipo penye ugumu wa biashara ya treni za kulala. Mchongoko mmoja, ile treni ya SGR yenye pua iliyochongoka, unabeba watu 589. Ukiweka treni ya watu 72 kwenye njia hiyohiyo, kitanda kimoja kinabeba mzigo wa viti vinane hivi. Nani wa Dodoma atalipa hivyo, wakati mabasi ya usiku yameruhusiwa tena tangu 2023? Mimi naamini treni ya kulala itapata soko SGR ikifika Mwanza, kilomita 1,219 toka Dar. Unapanda usiku, asubuhi uko ziwani. Na isiwe ya dhahabu. Shuka safi, maji ya moto, mlango unaofungwa kwa ndani. Hicho Mtanzania atakilipia, na hoteli ya usiku mmoja ameiokoa.

Mama Itigi
Mwanangu, wapeleke kwa reli ya kati. Daraja la kwanza chumba ni cha watu wawili. La pili ni sita, wanawake mbali na wanaume mbali, labda mlipie chumba kizima, kwa hiyo usiwatenganishe wazee siku yao. Chagua kiangazi, maana masika mafuriko hukata njia kati ya Kilosa na Gulwe na treni zote zinachelewa. Ukishapita Bahi, treni inapanda ukingo wa Bonde la Ufa polepole, injini inaguna, unasikia hata wadudu nje. Halafu Saranda, kina mama wanakimbia kando ya mabehewa na masinia ya kuku kichwani, mkono unaingia dirishani kabla hujaitikia. Mimi hiyo ndiyo naiita starehe. Mashuka na mito wafungie vya nyumbani, vile mama alivyovizoea.

Mwana wa Chang'ombe, Dodoma
Ahsanteni sana, mama shikamoo. Nimewapigia jioni hii. Baba kauliza kama kuku wa Saranda bado wapo. Mama kasema kitanda cha juu ni chake, goti la baba halipandi. Kesho asubuhi niko stesheni kuulizia chumba cha wawili, mwezi wa saba.