Nimemaliza kozi za Linux, sasa mazoezi ya mikono nayapata wapi?

kijana_wa_moro:

Habari zenu wakuu, naomba mnisaidie kwenye hili maana linaninyima usingizi.

Nina diploma ya kompyuta, mwaka huu nikaamua nishike Linux niwe sysadmin, yaani msimamizi wa seva. Nimeangalia video miezi minne, madaftari mawili yamejaa komandi, chmod naijua, grep naijua, systemctl naijua. Juzi nikaitwa usaili kampuni moja Dar, nikajua wataniuliza maswali ya mdomo, kumbe wakanikalisha mbele ya seva wakaniambia tovuti haifunguki, tafuta tatizo, una dakika 20. Nikapiga df -h nikaona diski imejaa 100%, hapo nikapata moyo, nikatafuta logi (faili ambalo programu inaandikia matukio yake) kubwa kuliko zote nikaifuta kwa rm. Nikapiga df -h tena, bado 100%! Nikafuta nyingine, bado. Muda ukaisha nimekaa naangalia skrini, sijui niguse nini tena.

Nimeona wazi kwamba ninachokijua kiko kwenye daftari, mkononi hakijafika. Nina laptop ya mtumba, i5 RAM 8GB ina Windows, intaneti yangu ni bando la simu, kadi ya kulipia vitu vya dola sina. Mtu wa aina yangu anafanyia wapi mazoezi mpaka mkono uzoee? Niende nikajitolee kwenye ofisi za watu au kuna njia nyingine?

mzee_wa_seva:

Pole mdogo wangu. Hiyo waliyokupa ni kazi ya kila wiki na hukuwa mbali na jibu. Logi uliyoifuta ilikuwa bado imeshikwa na programu inayoiandika. Kwenye Linux rm inaondoa jina la faili tu, data yenyewe haiachii nafasi mpaka proses (programu inayoendelea kukimbia) ya mwisho iliyolifungua hilo faili ilifunge. Ungepiga lsof +L1 ungeliona limeandikwa deleted pembeni na namba ya proses iliyolishikilia, unairistati hiyo huduma na nafasi inarudi hapohapo.

Sasa usiishie kusoma, litengeneze tatizo lenyewe leo usiku. Weka VirtualBox kwenye hiyo Windows yako, ni programu ya kutengeneza VM, yaani kompyuta ya kuigiza ndani ya kompyuta yako. Shusha Debian (aina mojawapo ya Linux) ile ndogo ya netinst, usiiwekee desktop. RAM 1GB na diski ya 10GB inatosha kabisa. Iongezee diski ya pili ya 2GB, ifomati, imaunti (iunganishe) kwenye folda ya /mnt, halafu ukiwa root (mtumiaji mwenye mamlaka yote) piga hizi:

fallocate -l 1G /mnt/kubwa.log
sleep 3600 < /mnt/kubwa.log &
rm /mnt/kubwa.log
df -h /mnt

Utaona faili halipo ila ile 1GB haijarudi, yaani kilekile kilichokukuta kwenye usaili. Piga lsof +L1 (kama haipo iinstoli kwanza), utaiona sleep imelikumbatia faili, iue kwa kill, rudia df. Fanya mara tano bila kuchungulia hapa. Siku nyingine jaza diski kwa vifaili vidogo laki kadhaa mpaka iseme imejaa wakati df -h inaonyesha nafasi ipo, hapo ndipo utaijua df -i kazi yake ni nini.

Halafu kitu ambacho watu hawakifanyi: tafuta mwenzako mmoja anayesoma hayahaya, kila Jumamosi mharibiane mashine. Piga snapshoti kwanza (nakala ya VM ilivyo, ya kurudia baadaye), kisha mpe VM dakika 10. Abadilishe ruhusa za faili la nginx (programu inayohudumia tovuti), aharibu resolv.conf (faili la DNS, linalosaidia kupata IP ya jina la tovuti), azime sshd (huduma ya kuingia kwenye mashine kwa mbali), afunge poti kwenye fayawoli, asikwambie kaharibu nini. Wewe unapewa sentensi moja tu, "tovuti haifunguki". Tatizo ulilolitengeneza mwenyewe unalijua tayari, la mwenzako ndilo linalokufundisha kutafuta.

wanjiku_terminal:

Kama hauna mtu wa kukuharibia kuna tovuti ya SadServers, inakupea seva iliyoharibika ndani ya browser na muda wa kuitengeneza, na kuna za bure. Ya kwanza inaitwa Saint John, kuna programu inaandika kwa /var/log/bad.log bila kuacha na unafaa kuitafuta uisimamishe, ni jamaa wa karibu sana wa hilo swali lako la usaili. Mimi nilianza na hiyo nikiwa Nakuru.

Pia kuna mchezo wa Bandit wa tovuti ya OverTheWire, unaingia kwa ssh (komandi ya kuingia mashine ya mbali) poti 2220, ni maandishi tu kwa hivyo bundle haiishi, nilikuwa naifanya hata na simu nikitumia Termux, app ya kupiga komandi kwa Android. Kila levo unatafuta paswedi ya levo inayofuata, na man pages (maelezo ya kila komandi) utazizoea upende usipende.

fundi_kimya:

Naheshimu waliotangulia ila nina neno. Mafumbo ni mazuri, lakini fumbo likikushinda unafunga laptop unalala. Usysadmin ni pale ambapo kuna mtu anasubiri. Tafuta kitu kidogo ambacho mtu anakitegemea kweli, hata kama ni shule ya jirani au duka la shangazi.

Mimi niliomba sekondari moja hapa mkoani wanipe desktop yao ya zamani iliyokuwa imewekwa stoo, nikaweka Debian na Samba (ya kushirikiana mafaili kwenye mtandao), walimu wakawa wanahifadhi mitihani humo badala ya kuzungusha flashi zenye virusi. Bakapu nikaiweka kwa rsync (komandi ya kunakili mafaili) kila usiku kwenye diski ya nje ya USB. Miezi miwili mambo safi. Siku moja umeme ukakatika, uliporudi mashine ikabuti mpaka katikati ikaganda kwenye emergency mode (hali ya dharura), walimu wamesimama mlangoni wanataka kuprinti mtihani wa kesho yake. Kumbe kuna mtu alichomoa ile diski ya USB akachomeka chaja, na mimi kwenye fstab (orodha ya diski za kuunganishwa mashine ikiwaka) nilikuwa nimeiandika bila neno nofail, linaloruhusu mashine iendelee hata diski isipokuwepo, kwa hiyo mfumo ukawa unaisubiri diski isiyokuwepo. Nikaingia na paswedi ya root, nikaweka alama ya # kwenye ule mstari ili urukwe, nikaristati, wakaprinti. Jioni nikaurudisha vizuri kwa UUID (kitambulisho cha kipekee cha diski) na nofail, na tangu siku hiyo sijawahi kugusa fstab bila kuikagua kwa findmnt --verify kabla ya kuondoka. Nofail nilishaisoma kabla mara nyingi tu, ila haikukaa mpaka siku ile.

Na bakapu isiyojaribiwa usiihesabu kuwa ni bakapu. Kila mwisho wa mwezi nilikuwa narudisha folda moja kwenye mashine nyingine naifungua mbele ya mwalimu wa taaluma.

Ila ukiingia kwa watu kubali mipaka. Usiguse data ambayo hukuombwa, na andika kila ulichobadilisha kwenye karatasi ibaki pale ofisini.

bando_limeisha:

Kuhusu bando mkuu, ukishakuwa na VM mbili tatu kila moja inashusha paketi zilezile upya na utalia. Weka apt-cacher-ng (inatunza paketi zilizoshushwa) kwenye VM moja, inasikiliza poti 3142, zile nyingine uzielekeze pale. Paketi inashuka mara moja tu, wengine wanakula kutoka kwenye kache.

Na kama unafikiria cheti, mtihani wa RHCSA, cheti cha usysadmin cha kampuni ya Red Hat, ni wa vitendo mwanzo mwisho, saa 3 upo kwenye mashine, hakuna maswali ya kuchagua. Hela ya mtihani ikiwa haijapatikana si shida, Red Hat wenyewe wameiweka wazi orodha ya vitu wanavyopima. Ichukue, weka Rocky Linux, inayofanana na Linux ya Red Hat ila ni bure, pita mstari kwa mstari. LVM (kugawa diski) na SELinux (ulinzi wa mfumo) ndizo zinazoangusha wengi, zipe muda.

kijana_wa_moro:

Wakuu nimerudi baada ya siku tisa. Ile ya lsof nimeifanya mpaka naiota, nilipoona 1GB imerudi baada ya kuua sleep nilinyanyuka kwenye kiti. Bandit nipo levo ya 12. Mwenzangu wa kuharibiana nimempata, tulisoma naye chuo.

Nimekwama sehemu moja. Nimetengeneza VM mbili, moja seva moja mteja, nikipiga ip a kuona anwani ya mtandao (IP) zote zinasema 10.0.2.15, na hazionani kabisa. Nimerudia kuinstoli mara mbili.

mzee_wa_seva:

Usiinstoli tena, Debian haina kosa. VirtualBox ikiwa kwenye NAT ya kawaida (mpangilio wake wa mtandao wa mwanzo) kila VM inawekwa kwenye kachumba kake peke yake na kila moja inapewa 10.0.2.15. Zima VM zote mbili, nenda Settings, Network, Adapter 2, iwashe uiweke Host-only (mtandao wa ndani kati ya VM na laptop yako), na ile ya kwanza iache ilivyo ili intaneti iendelee. Ukiwasha, ile kadi ya pili haitapata IP mpaka uiandike kwenye /etc/network/interfaces, hapo ni zoezi lako, mimi sikuandikii. Zikija 192.168.56 na kitu jaribu ping.

kijana_wa_moro:

Imejibu mkuu! Jina la kadi nilikuwa nimeliandika enp0s3 kumbe ya pili ni enp0s8, nimehangaika nalo saa nzima ila nimeliona mwenyewe kwenye journalctl, logi za mfumo. Ping inaenda, ssh kwa ufunguo inaingia. Kesho asubuhi namfuata mkuu wa shule ya pale mtaani, nimeshaiona desktop yao moja imefunikwa kitambaa.

fundi_kimya:

Nenda na flashi yenye Debian mfukoni, na kabla ya kufuta chochote muulize kama kuna picha au barua zao humo ndani.