Bustani ya matete ya maji taka imefurika. Tubadilishe kokoto zote?

mjumbe_wa_kamati:
Habarini wakuu, naomba ushauri. Kijiji chetu kina kaya 60. Maji taka yote yanaingia kwenye tangi la vyumba viwili, kisha yanapita chini kwa chini kwenye kitanda cha kokoto kilichopandwa matete, ndipo yanatoka kwenda bondeni. Kwa miaka sita mgeni aliweza kukatiza juu yake asijue chini kuna nini. Sasa maji meusi yamepanda juu ya kokoto upande wa kuingilia, yananuka kama yai viza, na watoto wanapita hapohapo kwenda shule. Kamati inataka kung'oa matete na kununua kokoto mpya. Fedha ni michango ya watu, tukikosea hapa hawatachanga tena. Nianzie wapi?

fundi_chemba:
Pole mkuu. Kokoto msiziguse kwanza. Tangi lilinyonywa lini mara ya mwisho?

mjumbe_wa_kamati:
Halijawahi. Tuliambiwa bakteria wanakula kila kitu.

fundi_chemba:
Basi ugonjwa uko hapo. Bakteria wanapunguza tope, hawalimalizi. Linalobaki linatuama chini mwaka hadi mwaka, mafuta yanaganda juu, nafasi ya maji katikati inazidi kubanwa. Maji yalitakiwa yatulie humo walau siku nzima. Sasa yanapita mbio na kubeba tope mpaka kwenye kokoto. Mkiweka mpya leo, zitaziba vilevile.

Pimeni. Chukua mti mrefu, uuzungushie taulo jeupe kuanzia chini, uushushe polepole mpaka uguse sakafu, uuache dakika chache, uutoe wima. Penye tope taulo linakuwa jeusi tii, penye maji linachafuka kidogo tu. Weusi ukifika theluthi ya kina, tangi linyonywe. Angalieni pia bomba la kutokea lenye umbo la T. Mdomo wake wa chini lazima uzame kuupita utando wa mafuta, la sivyo utando wote unaondoka na maji.

dada_afya:
Nawasihi, mtu yeyote asiingie ndani ya tangi, hata kwa dakika moja. Ile gesi ya yai viza ikizidi inaua uwezo wa pua kunusa, mtu anadhani imeisha, kumbe ndiyo inamwangusha. Na anayeshuka kumwokoa anaanguka juu yake. Fungueni mfuniko, simameni pembeni, sigara na moto viwe mbali. Tope nalo lisiende mtoni wala kwenye mboga; mayai ya minyoo yanakaa hai humo miezi na miezi.

mlinzi_wa_kisima:
Nimesimamia kitanda kama chenu. Kilichoziba kilikuwa mita mbili za mwanzo tu, huko mbele kokoto zilikuwa safi. Tulishusha bomba la kutokea la kitanda ili maji yapungue, tukachimbua kipande kile, tukaosha kokoto na kuzirudisha. Maji ya kuoshea yalirudi kwenye tangi, hatukuyamwaga ovyo. Fanyeni hivyo baada ya kunyonya, si kabla. Kuna kisima karibu?

mjumbe_wa_kamati:
Kipo, upande wa juu, mbali kiasi cha mita 80.

mlinzi_wa_kisima:
Afadhali. Ila maji yapimwe, maana mteremko wa juu ya ardhi si lazima ulingane na njia ya maji chini.

mjumbe_wa_kamati:
Mrejesho, wakuu. Kina ni sentimita 150, taulo limetoka jeusi mpaka 95. Lile bomba la T halipo kabisa, tumebaki na tundu tupu ukutani. Fundi ataweka jipya akiwa juu, kupitia mfuniko. Nilipowaonyesha kamati lile taulo, hoja ya kokoto mpya ikaisha bila kupiga kura. Tumezungushia uzio wa miti na watoto wanapita njia ya juu. Gari la kunyonya linakuja keshokutwa, na mjumbe mmoja atapanda nalo mpaka linakomwaga. Sampuli ya kisima tumeshapeleka.