NQR ya siti 33: stelingi ina plei ya vidole vinne hata baada ya tairodi endi mpya

Nahodha_wa_Lami
Hamjambo wakuu. Basi ni Isuzu NQR ya zamani, injini 4HG1, siti 33. Usukani ukiwa katikati unauzungusha vidole vinne hivi kabla magurudumu hayajashtuka. Kuanzia mwendo wa 60 linatangatanga, na kwenye tuta linaruka kushoto. Tairodi endi zote mbili (viungo vya ncha za fimbo inayounganisha magurudumu ya mbele) ni mpya. Fundi amekaza skrubu ya juu ya stelingi boksi (kisanduku cha meno ya usukani), plei ikapungua kidogo, ila sasa nikitoka kwenye kona usukani haurudi wenyewe mpaka niuvute. Nimeambiwa boksi limekufa, ninunue la mtumba. Kabla sijatoa pesa, nianzie wapi?

Spana_19
Rudisha hiyo skrubu ilikokuwa, leo hii. Meno ya boksi hili hubana katikati tu, pale magurudumu yanapotazama mbele. Ukikaza ili kuua plei inayotoka kwingine, meno yanalana na usukani unakuwa mgumu kurudi. Stelingi legevu inasumbua, lakini inayonata kwenye kona ndiyo inayopeleka basi mtaroni.

Kisha pima kwa rula, maana vidole vinatofautiana. Injini iwe inawaka. Ikiwa imezimwa, vali ya pawa stelingi yenyewe ina mwendo wake na utasoma plei ya uongo. Magurudumu yawe chini, yamenyooka. Funga rula kwenye dashibodi, sogeza ukingo wa usukani taratibu kushoto na kulia mpaka tairi lianze kusogea. Ikipita milimita 30, tafuta chanzo.

Chanzo kinatafutwa hivi: mtu mmoja atikise usukani kidogo kidogo, huku na huku, wewe uko chini ya basi na hujainua jeki. Uzito wa basi ndio unaoonyesha ugonjwa. Ukining'iniza magurudumu, viungo vibovu vinajificha. Fuata mwendo kuanzia juu: msalaba wa shafti ya usukani, shafti inayoingia boksi, pitmani amu (mkono unaotoka kwenye boksi), draglinki (fimbo inayotoka mkono huo hadi kwenye gurudumu) mbele na nyuma, halafu tairodi. Shika kila kiungo kwa kiganja. Pale upande mmoja unapotembea na wa pili umetulia, hapo ndipo. Boksi linahukumiwa mwisho: shafti ya juu izunguke na pitmani amu isitikisike. Na ukiona boksi zima linacheza kwenye chesisi, angalia bolti zake na nyufa kandokando ya matundu yake.

Mzee_Grisi
Nyongeza kwa Spana. Kuruka kushoto kwenye tuta hakutoki kwenye boksi. Draglinki ya NQR inalala kufuata urefu wa gari. Bushi ya jicho la mbele la springi ikifa, au senta bolti (inayoshika majani ya springi katikati) ikikatika, ekseli inarudi nyuma kidogo kila inapopigwa, na draglinki inageuza gurudumu bila wewe kugusa usukani. Kagua yubolti (bolti za umbo la U zinazofunga springi kwenye ekseli), kisha pima kutoka katikati ya habu (kitovu cha gurudumu) ya mbele hadi ya nyuma, kulia na kushoto. Vipimo vikipishana, ekseli imehama, na alaimenti (kunyoosha magurudumu) yoyote utakayofanya ni kazi bure.

Baada ya hapo ndipo uinue jeki, chini ya ekseli yenyewe, uweke stendi. Shika tairi juu na chini, tikisa. Likicheza, mwambie mtu akanyage breki. Plei ikipotea, ni beringi za habu, kwa kuwa viatu vya breki vimeshikanisha ngoma na kile chuma kinachobeba gurudumu (mafundi wanakiita nako). Ikibaki, ni kingpini (pini ya wima ambayo gurudumu hugeukia kwayo). Mwisho weka mtaimbo chini ya tairi uinue: likipanda na kushuka, thrasti beringi (inayobeba uzito kwenye kingpini) au shimu (vipande vyembamba vya kujaza mwanya) zimekwisha.

Kata_Chuma
Kingpini isikutishe gharama. Kunja kipande cha bati jembamba, zungushia pini, irudishe. Plei kwisha.

Mzee_Grisi
@Kata_Chuma hapana. Bati linaziba tundu la grisi, na baada ya wiki chache linakatika vipande vinavyokwaruza pini na bushi. Usimshauri mtu hivyo kwenye gari la abiria.

Nahodha_wa_Lami
Nimerudi na majibu. Rula imesoma milimita 70. Msalaba na boksi vimetulia, bolti zimekaza. Boli (kiungo cha duara) ya mbele ya draglinki inacheza wazi. Gurudumu la kushoto linacheza juu na chini hata breki ikikanyagwa, na mtaimbo unaliinua. La kulia liko sawa. Springi: bushi ya mbele kushoto imekwisha, mpira umetoka nje.

Spana_19
Basi boksi lako ni zima, usiliguse tena. Nunua draglinki, bushi za springi pande zote mbili, na seti ya kingpini ya ekseli nzima: pini 2, bushi 4, thrasti beringi 2, shimu, pini za kufungia na sili. Ukifunga upande mmoja tu, wa kulia utakurudisha gereji.

Mafundi wengi hukosea kwenye bushi. Zikishaingia kwa presi, tundu la bushi litazamane na la nipo (mdomo wa kupigia grisi), kisha zipitishwe rima (chuma cha kupanua tundu kwa kipimo) moja ndefu, ya juu na ya chini kwa mkupuo mmoja. Wakizikwangua moja moja, pini itaingia kwa nyundo na usukani utanata vilevile. Kabla ya kufunga, ingiza pini mpya kwenye jicho la ekseli. Ikilegea humo, jicho limeliwa, na bushi mpya hazitasaidia. Ekseli iende kwa mchongaji ivalishwe silivu (bomba jembamba la chuma ndani ya jicho). Shimu zipunguze mwanya wa juu na chini usizidi milimita 0.1, na nako izunguke kwa mkono bila kukwama.

Mzee_Grisi
Piga grisi ya lithiamu namba 2 gurudumu likiwa hewani, la sivyo thrasti beringi haipati kitu. Pampu mpaka itoke safi juu na chini.

Draglinki mpya isifungwe kwa kukisia. Zungusha usukani kutoka mwisho hadi mwisho, hesabu mizunguko, gawa kwa mbili. Hapo ndipo katikati ya boksi. Nyoosha magurudumu, kisha rekebisha urefu wa draglinki mpaka iingie bila kuvutwa. Boksi lisipokuwa katikati wakati wa kwenda mbele, linafanyia kazi mahali ambapo meno yana nafasi, na utasikia plei kwenye gari lisilo na kiungo kibovu hata kimoja.

Nahodha_wa_Lami
Asante sana wakuu. Toini (magurudumu ya mbele kuelekeana kidogo kwa mbele) niipimeje kama mashine ya alaimenti haipo karibu?

Spana_19
Chora mstari wa chaki katikati ya kila tairi la mbele. Pima umbali kati ya mistari upande wa mbele, usawa wa habu. Sukuma basi tairi zigeuke nusu duara, upime mistari ileile ikiwa nyuma, kimo kilekile. Kwa tairi za radial, mbele pawe pamepungua milimita 0 hadi 3. Ukitaka kubadilisha, legeza klampu na uzungushe bomba la tairodi. Uzi wa upande mmoja ni wa kinyume, kwa hiyo endi zenyewe huzifungui. Ukimaliza, kaza klampu, tia kotapini (pini ya kuzuia nati isifunguke) mpya kila nati ya boli, na baada ya kilomita 500 kaza tena yubolti.